Haya ya Kuuliza: Karamu ya Kihindi Mjini Guangzhou



Hapa Nunguni, juu katika vilima vya Kilungu, ukungu wa asubuhi hauna haraka ya kuondoka, na mtu aliyelelewa Mombasa hujifunza kuvaa sweta hata katika miezi ambayo jamaa zake wa Mji wa Kale hawapati usingizi kwa joto. Sisi, mume na mke, tumekuwako huku kwa miaka 11, tukiuza vifaa vya ujenzi na zana za shamba. Majirani zetu ni Wakamba, wakulima wa matuta, watu wa salamu ndefu na maswali ya wazi. Tuliporejea kutoka Uchina mwezi wa Novemba, hawakutuuliza habari za majumba marefu wala za treni ziendazo kama mshale. Walituuliza, “Huko mlikula nini?” Tulipowajibu kwamba mlo mkubwa kuliko yote tuliyoalikwa ulikuwa wa Kihindi, walicheka. Mzee mmoja akatuambia kwamba kama ni chapati tu, hapakuwa na haja ya kupanda ndege, tungalishuka Makindu.

Alisema kwa mzaha, lakini maneno yake yalitukaa. Makala haya ni jibu letu kwake, na ni habari kwa ndugu zetu wa pwani ambao vijana wao wanazidi kwenda Uchina kwa biashara na kwa masomo.

Kwanza tueleze tulikwenda kufanya nini. Kaya 23 za matuta ya jirani zilikuwa zimechanga arabuni kwa ajili ya pampu za maji zinazoendeshwa kwa nguvu za jua, za kupandisha maji kutoka mabondeni hadi kwenye kabichi, maharagwe na miparachichi. Fedha ile haikuwa yetu. Tuliibeba kama amana, na kosa lolote ambalo tungelifanya lingelipwa na watu ambao hawakuwapo.

Guangzhou ni mji wa bandari kusini mwa Uchina, wenye wakazi zaidi ya milioni 18. Maonyesho yake makubwa ya biashara yalianza mwaka 1957, na mpaka leo hufanyika mara mbili kwa mwaka, kuanzia katikati ya Aprili na tena katikati ya Oktoba. Sisi tulikwenda ya Oktoba.

Siku za mwanzo hatukupata taabu ya chakula. Katika mtaa wa Xiaobei, ambako Waafrika na Waarabu wengi hufikia, iko migahawa ya Waislamu wa Kichina, Wahui, ambao huvuta unga kwa mikono mpaka ukawa nyuzi za tambi, kisha wakazitia katika supu ya nyama ya ng'ombe. Milangoni mwao pana maandishi mawili ya Kichina yasomwayo qingzhen, maana yake safi na kweli. Hiyo ndiyo alama yao ya halali. Tulizuru pia msikiti wa Huaisheng, ambao wenyeji husimulia kwamba mwasisi wake ni Sahaba Saad bin Abi Waqqas, radhi za Allah ziwe juu yake. Wanahistoria hawakubaliani juu ya simulizi hiyo, lakini mnara wake mkongwe, wa kimo cha kama mita 36, humtuliza moyo Mwislamu aliye mbali na kwao.

Siku ya tano, mwenye kiwanda tuliyekuwa tukijadiliana naye bei alitualika kula. Alikuwa amesikia kwamba Waislamu hawali nguruwe, na kwamba vyakula vya Afrika Mashariki vina viungo vya Kihindi. Akaona ungwana ni kututafutia mgahawa wa Kihindi, tena ule wa fahari. Alikuwa mtu aliyefikiri juu ya wageni wake, na tunataka hilo likumbukwe kabla hatujaeleza mengine. Wachina hula mapema. Alitaka tukutane saa kumi na mbili jioni, karibu na saa ambayo jua la Oktoba hutua Guangzhou. Tulimwomba iwe saa moja na nusu, ili tuswali kwanza, akakubali bila kuuliza sababu.

Mgahawa ulikuwa juu katika jengo refu. Lifti ilipanda mpaka masikio yakaziba. Mlangoni palikuwa na beseni la shaba lililojaa maji na maua yakielea. Ndani, taa za vioo vya rangi zilikuwa zimening'inia, mazulia yalimeza sauti ya viatu, na wahudumu walivaa glavu nyeupe. Ukuta mmoja ulikuwa wa kioo, na nyuma yake mpishi alikuwa akibandika mikate ya naan katika kuta za tanuri la udongo. Wahindi huliita tandoor. Nalo ni neno moja na tanuri letu, maana Waajemi na Waarabu walilisambaza pande zote za bahari. Orodha ya vyakula ilikuwa na jalada la ngozi. Sahani moja ya biriani ya kondoo iliandikwa yuan 128, kiasi cha shilingi 2,300 za Kenya. Kwa fedha hizo mama wa Mombasa hununua nyama ya biriani ya nyumba nzima.

Hata hivyo hatukujiona wageni kabisa. Harufu ilitupokea mlangoni: iliki, mdalasini, bizari nyembamba, samli iliyopata moto. Tulimtazama mhudumu akiileta biriani ya meza ya jirani. Biriani yao hupikwa kwa kufungiwa. Wali ulioiva nusu hutandazwa juu ya nyama iliyolazwa katika mtindi na viungo, mdomo wa chungu huzibwa kwa unga uliokandwa ili mvuke usipate pa kutokea, kisha chungu huachwa juu ya moto mdogo. Kifuniko cha unga hupasuliwa mezani, mbele ya mlaji. Biriani yetu ya pwani imeshika njia nyingine: masala huiva peke yake pamoja na vitunguu vya kukaanga, wali hupikwa peke yake ukatiwa zafarani, na viwili hivyo hukutana kwenye sinia tu. Hakuna aliyekosea. Bahari ilituletea jina na viungo, na mikono ya bibi zetu ikaamua mengine.

Wala si bahari peke yake. Kati ya mwaka 1896 na 1901, vibarua na mafundi zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kuijenga reli ya Mombasa hadi Kisumu. Kiasi cha 2,500 walikufa kazini. Wengi katika waliosalia walirudi kwao, wengine wakabaki na maduka yao na vyungu vyao. Reli hiyo ilipita Ukambani, chini ya vilima vyetu, na ndiyo sababu mojawapo ya bibi wa Kikamba apikaye muthokoi adhuhuri kusukuma chapati jioni bila kuhisi kwamba amepika cha mgeni. Mwaka 2017 reli ya pili, iliyojengwa na Wachina, ilianza kupita jirani ya ile ya kwanza, ikiwa na vituo vyake Emali na Kibwezi. Kwa hiyo tulipokaa pale juu ya Guangzhou, mwenyeji Mchina, wahudumu Wahindi, na wageni kutoka Makueni, tuliona kwamba si ajabu kubwa. Watu wa namna zetu tatu walikwisha kukutana zamani, chini ya Nunguni.

Mwenyeji alikuwa ameagiza mapema. Sahani ya kwanza ilikuwa ya kuku aliyechomwa kwenye tanuri, mwekundu kwa pilipili, akitoa mvuke juu ya bamba la chuma. Mwenyeji alichagua paja kubwa kuliko yote, akalitia kwenye sahani yetu kwa mkono wake. Kwao hiyo ni heshima kubwa kwa mgeni.

Hapo ndipo tulipolitambua kosa letu. Tulikuwa tumeridhika na neno Kihindi, kana kwamba ni sawasawa na neno halali. Bara Hindi lina Wahindu, Waislamu, Masingasinga, Wakristo na wengineo; mgahawa wa Kihindi waweza kuwa wa yeyote kati yao, na katika nchi isiyo ya Waislamu nyama yake yaweza kununuliwa soko lolote. Jiko kukosa nguruwe hakumfanyi kuku awe amechinjwa kisheria. Haya tuliyajua tangu chuoni, lakini mazulia na heshima ya mwaliko vilitusahaulisha. Mlangoni hatukuiona alama, na kusema kweli hatukuitafuta.

Tukanong'onezana kwa Kiswahili, tukitabasamu ili mwenyeji asishuku neno.

“Mama watoto, bei bado haijatiwa sahihi. Tukimwaibisha mbele ya watu wake, tutarudi na nini?”

“Baba watoto, ukiona haya kuuliza kilichomo ndani ya sahani, kesho utauliza vipi kilichomo ndani ya pampu?”

Hapakuwa na jibu la kulijibu hilo. Tulimwita mhudumu, kijana kutoka Hyderabad, tukamwuliza kwa sauti ya chini kama nyama zao zimechinjwa na Waislamu. Angaliweza kutujibu ndiyo, tukala, naye akaenda zake. Badala yake alisema kwamba hajui, na kwamba ataingia jikoni kuuliza. Baada ya muda alitoka na mpishi mwenyewe, mtu mzima, akijifuta mikono. Mpishi akatueleza kwamba kondoo hununuliwa kwa mchinjaji wa Kihui, akatuonyesha na karatasi yake, yale maandishi mawili yakiwa juu. Kuku hutoka kwa muuzaji wa kawaida, na juu ya huyo hawezi kutuapia.

Kufikia hapo meza nzima ilikuwa imenyamaza. Binti wa mwenyeji, aliyekuwa akitufasiria, alitaka kujua kuna nini. Tulimweleza yote, tukaongeza kwamba kosa ni letu, maana tulipaswa kusema tangu siku tuliyoalikwa. Mwenyeji alimsikiliza binti yake, akaweka vijiti vyake juu ya meza, akakitazama kile kipande cha kuku kwenye sahani yetu. Sisi tulikuwa tukizihesabu zile kaya 23 moyoni.

Kisha akasema habari ambayo hatukuitazamia. Bibi yake mzaa baba alikuwa Mbudha, na tarehe mosi na tarehe kumi na tano za kila mwezi mwandamo hakutia nyama mdomoni. Yeye, akiwa mtoto, ndiye aliyetumwa kwenye vibanda vya chakula kuuliza kama mboga zimekaangwa kwa mafuta ya nguruwe. Wenye vibanda walimcheka, naye alichukia kutumwa. Lakini aliuliza, kwa sababu bibi alikuwa nyumbani akimngoja. Akamaliza kwa kutuambia, bila kukunja uso, kwamba ingalikuwa heri tungalisema mapema, maana angaliagiza vingine. Maneno yale yalikuwa ya haki, nasi tuliyapokea.

Kuku alisogezwa upande wa wafanyakazi wake. Tuliletewa sahani safi, na mpishi akatupikia dengu kwa samli, mabiringani ya kuchoma, jibini ya Kihindi ndani ya mchicha, na ile biriani ya kondoo. Mhudumu alipotaka kuigawa biriani sahani kwa sahani, mwenyeji alimzuia, akaiweka katikati, juu ya kioo cha duara kinachozungushwa ili kila mtu ajipakulie. Tulifurahi, tukamwambia kwamba kwetu pia biriani huwekwa katikati, kwenye sinia moja, watu wakalizunguka. Na kwamba neno sinia limetokana na Kiarabu, siniya, chombo cha nchi ya Sini, yaani Uchina. Binti alilifasiri hilo mara mbili kabla baba yake hajaamini. Tukamsimulia bakuli za Kichina zilizopachikwa na wazee wetu katika makaburi na misikiti ya pwani, na twiga aliyepelekwa kutoka Malindi kwa mfalme wa Uchina mwaka 1415, katika zama za Zheng He, amiri wa merikebu aliyezaliwa katika jamaa ya Kiislamu. Habari za twiga alikuwa anazijua. Za sinia hakuwa nazo.

Palikuwa pia na chupa ya pombe kali, ambayo desturi yao ni kuinywa kwa kupongezana. Kwa kuwa mdomo ulikwisha kufunguka, safari hii hatukungoja. Tulimwomba tupongezane kwa chai. Wachina wana ada ya kale inayoruhusu chai ishike mahali pa pombe, naye aliirudisha chupa ndani ya mkoba wake bila neno. Tukanyanyua vikombe vya chai, neno ambalo asili yake ni Uchina kwenyewe, likapita Uajemi na India kabla ya kutufikia sisi.

Chakula kilibaki kingi, maana mwenyeji wa Kichina huona aibu sahani zikimalizika. Lakini tangu mwaka 2021 wana sheria ya kupinga upotevu wa chakula, na mhudumu alileta makasha bila kuombwa. Kuku wote walifungwa kwa ajili ya wafanyakazi wa kiwandani. Israfu haikuingia katika karamu ile.

Asubuhi yake tulikwenda kiwandani, tukaomba pampu moja ifunguliwe mbele yetu. Usiku uliotangulia ulikuwa umetuondolea haya. Ndani tuliukuta waya wa alumini uliofunikwa shaba juu, na sisi siku zote tulidhani ni shaba tupu. Tulipouliza, mwenye kiwanda alijibu waziwazi: kwa bei ile huo ndio waya wake, ukitaka shaba tupu, bei ni nyingine. Hakutudanganya. Wala asingalisema kama tusingaliuliza.

Ilikuwa saa nne asubuhi Guangzhou, na Nunguni ilikuwa saa kumi na moja alfajiri. Tuliwapigia simu viongozi wa kikundi, wakawaamsha wenzao. Fedha zilizokuwapo zilitosha pampu 23 za alumini au pampu 19 za shaba. Walibishana kwa muda wa saa nzima, kisha wakachagua shaba, na kaya nne zikakubali kungoja awamu ya pili. Bei yenyewe haikushuka hata senti. Karamu haikutununulia punguzo lolote. Kaya mbili katika zile nne bado hazijatusemesha vizuri, nasi hatuwalaumu.

Wiki tatu baada ya kurudi tulishuka Mombasa kumwona wakala wa forodha, tukayakumbuka maneno ya mzee. Tukasimama Makindu, papo hapo katika kaunti yetu ya Makueni. Pale kuna hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka 1926, mahali palipokuwa kambi ya wajenzi wa reli. Msafiri yeyote wa barabara ya Mombasa huingia, akavua viatu, akafunika kichwa, akapewa chakula bila malipo: dengu, chapati, wali, mboga, na chai ya maziwa. Nyama haipikwi kabisa, hivyo swali la uchinjaji halizuki. Wako waumini wanaoona uzito kula mahali pa ibada ya wengine, na kila mmoja na amwulize mwalimu wake. Sisi tulikula mboga, tukashukuru, tukaweka mchango wetu sandukuni. Kando yetu alikaa dereva wa lori na mama mwenye mtoto mgongoni. Hakuna aliyeulizwa jina, kabila wala dini.

Chapati za Makindu na naan za Guangzhou zinatoka katika chimbuko moja. Za Guangzhou zilikuwa laini zaidi, na tusiseme uongo, dengu zao zilikuwa tamu kuliko dengu zote tulizowahi kula. Lakini Makindu tulikula tangu tonge la kwanza moyo umetulia. Guangzhou utulivu huo ulikuja baada ya kuuliza, na nusura tuukose kwa ajili ya haya.

Basi, ndugu mzazi, ukimpeleka kijana wako ughaibuni, mfundishe yale maandishi mawili ya Wahui. Mwambie kwamba jina la nchi juu ya mlango wa mgahawa halitoshi kuwa ushahidi. Mwambie amjulishe mwenyeji wake siku ya mwaliko, si sahani ikiwa mezani. Na akisahau, kama tulivyosahau sisi, mwambie hajachelewa: aulize papo hapo, kwa adabu, na alikiri kosa lake.

Tunapoandika haya, pampu 19 ziko baharini baina ya Uchina na Mombasa, katika njia ile ile iliyoleta bakuli zilizopachikwa makaburini. Zikifika salama, insha'Allah, maji yatapanda matuta ya Nunguni kabla ya kiangazi, na tumewaahidi majirani biriani ya pwani. Yule mzee ametuma salamu kwamba atakuja, ila anataka kujua kwanza mbuzi atachinjwa na nani.